Kijia Kilicho Nyuma ya Maseremala

Saa mbili kasorobo asubuhi, na gari letu halijasogea tangu nimalize kuhesabu vitanda. Vilikuwa kumi na saba, vipya, vimesimamishwa kando ya barabara ya Ggaba vikila vumbi, kila kimoja na kichwa kilichochongwa majani, mioyo na taji, utadhani Kampala nzima inalala kifalme. Nyuma ya vitanda fundi mmoja alikuwa anapiga randa kwa mwendo wa mtu asiye na ahadi na mtu. Harufu ya mbao mbichi iliingia dirishani ikakutana na moshi wa dizeli, na jasho letu sisi kumi na wanne, na samaki wa abiria wa kiti cha nyuma ambaye alikataa kata kata kufungua dirisha lake.

Daladala hapa huitwa takisi. Ni kigari cheupe chenye mkanda wa miraba ya buluu ubavuni, na ukitaka gari la kukodi peke yako sharti useme "spesho", la sivyo utasukumwa ubanane na wenzako. Konda wetu aliyening'inia mlangoni alikuwa akiita "Kampala! Kampala!" tangu Bunga nilikopandia. Jambo hilo lilinichekesha, maana nilidhani tumo ndani ya Kampala muda wote huo. Kumbe kwa wenyewe Kampala ni kule katikati tu, kwenye maghorofa na stendi kuu. Kwingine kote kila kilima kina jina lake na heshima yake. Kabalagala tuliipita ikioga: wahudumu wa baa wakimwaga ndoo za maji ya sabuni barabarani, viti vya plastiki vimepinduliwa miguu juu, na mlinzi mmoja amelala kwa amani chini ya spika kubwa kuliko kabati.

Mimi ni mtu wa Tanga, mji wa baiskeli. Kwetu mtu akichelewa ni kwa sababu amesimama njiani kuongea. Foleni ya Kampala, wanayoiita jamu, ilinikuta na hotpoti mapajani. Mwenyeji wangu ni rafiki yangu wa tangu chuoni aliyeolewa huku, na mama mkwe wake alikuwa amelazwa hospitali ya Nsambya. Kwa wiki nzima ya ugeni wangu nilijipa kazi moja: kumpelekea mzee chakula cha asubuhi kingali cha moto. Siku ya kwanza kilifika kikiwa vuguvugu. Siku ya pili, hii ninayoisimulia, nilikuwa nakigusa kila baada ya dakika tano kama mtu anayempima mtoto homa.

Mama mmoja aliyeketi kando yangu aliiona mikono yangu. Alikuwa amevaa gauni la gomesi, la rangi ya zambarau, mabega yamesimama kama masikio ya paka, na mapajani alipakata chupa ya chai na kikapu kilichofunikwa jani la mgomba. "Nnyabo," akaniambia, "ogenda mu ddwaliro?" Luganda yangu ni ya kuokoteza, lakini eddwaliro nilikuwa nimekwisha kulijua: hospitali, mahali pa wanaougua. Nikaitika. Akanitazama mimi, akaitazama foleni, akaguna, kisha akampigia konda kelele, "Mu maaso awo!" Maana yake ni pale mbele, ndiyo namna ya kuomba kushuka, ingawa gari letu halikuwa na mbele yoyote ya kwenda. Tukashuka palepale, katikati ya boda boda zilizokuwa zikipenya kila upande. Nikamfuata kwa sababu chai yake ilikuwa ya moto kuliko yangu na alionekana ana siri ya kuiweka hivyo.

Siri ilikuwa nyuma ya vitanda. Baada ya kitanda cha mwisho, kile chenye taji kubwa kuliko zote, palikuwa na pengo kati ya rundo la mbao na ukuta wa matofali, upana wake ni wa mtu mmoja na kikapu chake. Ningepita hapo mara mia nisilione. Fundi wa randa akainua kidevu kutusalimu bila kuacha kazi. Tukakanyaga maranda yaliyokuwa laini kama godoro, tukaruka mfereji wenye maji meusi ambao harufu yake sitaipamba, na hatua kumi mbele barabara ya Ggaba ilizimika kama redio.

Sitii chumvi. Honi zilikuwapo bado, lakini zilikuwa zimehamia kwa jirani. Kijia kilikuwa cha udongo mwekundu, umekanyagwa ukawa mgumu na kung'aa kama sakafu iliyopigwa nta, kikipanda kilima kwa kujipinda-pinda. Mizizi ya miti ilikuwa imejitokeza na kufanya ngazi ambazo hakuna fundi aliyezipima, nyingine za goti, nyingine za kidole. Huku na huku palikuwa na ua wa mimea yenye majani marefu yaliyochongoka. Mama aliuita mulamula. Waganda huupanda kuonyesha mipaka ya shamba, kwa kuwa hata ukikatwa hauchoki kuchipua, na jina lake linatokana na kulamula, yaani kuamua. Mmea mwamuzi! Nilifikiria kesi zote za viwanja vya kwetu ambazo zingeisha mapema lau tungekuwa na mmea wenye cheo hicho.

Juu, matawi yalikuwa yameshikana. Mwembe, mfenesi uliobeba mafenesi shinani kama mwanamke aliyebeba mitungi, mparachichi, halafu mti mwembamba ulionyooka, maua yake ya manjano yamedondoka chini yakatandika njia. "Musambya," mama akasema akiugusa, kisha akazungusha mkono kilima chote: Nsambya. Kilima kimepewa jina la mti. Nguzo zake zilijenga nyumba za Buganda tangu zamani, kwa kuwa hukua umenyooka na ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki. Nami nilipolitazama ua lile, umbo la tarumbeta lenye mistari myekundu kooni, nikahisi nalijua. Musambya ni ndugu wa mtalawanda wa pwani, mti uliotupa vile viatu vya mbao vya kuingilia msalani. Bibi yangu alikuwa na jozi moja. Usiku tulijua yuko wapi ndani ya nyumba kwa ule mlio wa ko, ko, ko sakafuni. Kumbe jamaa zake hao walikuwa huku, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, wakitandika maua.

Nilimuuliza mama kijia kinaitwaje. Akashangaa. Akakitazama kama kwamba hakuwahi kufikiri kwamba kingeweza kuwa na jina. "Kano?" akasema. "Kano kakubo." Hiki ni kijia tu. Barabara ni ekkubo, na ikiwa ndogo huwa akakubo. Lugha imeipunguza kwa upole, kama vile sisi tunavyomwita mtoto katoto. Kwenye ramani ya simu yangu hapakuwa na kitu chochote ila rangi ya kijivu.

Kina watu wake, na watu wake wana adabu zao. Wengi ni wanawake, na karibu wote wamebeba: chupa ya chai, mkeka uliokunjwa, beseni, kanga, mfuko wa nguo zilizofuliwa usiku. Anayeuguza anaitwa omujjanjabi, na kama ilivyo kwetu, mgonjwa wa Kampala halazwi peke yake. Hulazwa na nusu ya ukoo. Niliona kwamba anayepanda na chakula hupishwa na anayeshuka na vyombo vitupu. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Anayeshuka anajibana kwenye mulamula, anasema "Kulika", na anayepanda anaitikia "Awo". Kulika ni pongezi ya kufika salama kutoka ulikotoka, hata kama umetoka barabarani hapo chini tu. Kisha huanza salamu yenyewe, na hapa mtu wa haraka ataumia. Gyebale ko. Kale, nawe gyebale. Mmm. Eee. Mmm. Ile "mmm" hurudishwa mara mbili, mara tatu, kila mmoja akimshushia mwenzake taratibu, kama watu wawili wanaoteremsha mzigo mmoja usivunjike. Mama wa gomesi alisalimiana na watu tisa kwenye kipande ambacho ningekipanda kwa dakika saba. Tulitumia ishirini na tano, na bado tukaiacha ile takisi nyuma: tulipofika kwenye upenyo mmoja wa miti niliona kwa chini mkanda wake wa buluu, umesimama palepale penye vitanda.

Nilipomjibu mtu kwa Kiswahili kwa kughafilika, mama alisita. Uso wake ulijifunga kidogo. Hilo nilikuwa nimeonywa nalo. Kwa Waganda wengi wa umri wake Kiswahili ni sauti ya kizuizi cha barabarani usiku: toa kitambulisho, fungua, lala chini. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na lugha ikaingia vijijini ikiwa imevaa sare. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akasimama, akaweka kikapu chini, akapiga makofi mara moja. "Aa! Bakombozi!" Akacheka hadi mabega ya gomesi yakatikisika. Ndivyo walivyowaita wanajeshi wa Tanzania walioingia Kampala Aprili 11, 1979: bakombozi, wakombozi. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini kwa siku zote nilizobaki Nsambya niliitwa Mukombozi, na nilikubali cheo hicho pamoja na ndizi ndogo zile tamu ziitwazo ndiizi zilizofuatana nacho.

Juu ya vichwa vyetu ndege wakubwa wenye midomo iliyopinda walipita wakipiga kelele ya kugombana. Ni kwarara. Waganda wanamwita mpabaana, na ukisikiliza vizuri ndilo neno analolipigia kelele: mpa abaana, nipe watoto. Mama akaelekeza kidole mbinguni kisha kwenye kikapu. Binti yake alikuwa amejifungua usiku wa juzi. Akaonyesha vidole viwili. Pacha!

Huwezi kupata pacha katika Buganda ukabaki na jina lako. Tangu usiku ule binti yake alikuwa Nnalongo na mkwe wake Ssalongo, na wataitwa hivyo hadi kaburini. Watoto, kwa kuwa ni wasichana, walikuja na majina yao tayari, Babirye aliyetangulia na Nakato aliyefuata. Ndiyo maana chai ile ilipaswa kufika ya moto.

Kijia hutokea juu ghafla. Miti inaachana, anga linafunguka, na unajikuta kwenye uwanja wa misheni penye nyasi zilizokatwa, kanisa la Mtakatifu Petro, shule, watoto wa sare wakikimbia, na hewa ambayo naapa ilikuwa baridi kuliko ya bondeni. Niliagana na mama, sasa Jjajja, yaani bibi, wa pacha, mlangoni mwa wodi ya wazazi. Mzee wangu alikula chakula cha moto, akaniuliza nimefikaje, nikamwambia kwa akakubo, akaniangalia kwa mshangao wa mtu aliyeambiwa mgeni amejua jiko lilipo.

Mchana nilikuwa huru, nikakizunguka kilima. Kampala husemwa ni mji wa vilima saba, na ukiuliza watu kumi wakutajie saba hivyo utapata orodha kumi. Lakini Nsambya hukosekana mara chache. Mwaka 1895 Askofu Henry Hanlon na wenzake wa shirika la Mill Hill walifika huku baada ya kutembea kwa miguu kutoka Mombasa, na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, akawapa kilima hiki. Kuja kwao kulikuwa na sababu iliyo nusu ya dini na nusu ya siasa. Wakatoliki wa kwanza Buganda, walioingia mwaka 1879, walikuwa mapadri wa Kifaransa, makao yao Rubaga. Waprotestanti walikuwa wa Waingereza, makao yao Namirembe. Watu wakaamini kwamba kuwa Mkatoliki ni kuwa mtu wa Wafaransa, na Januari 1892 pande hizo mbili zikapigana pale Mengo. Hanlon na wenziwe waliletwa kuonyesha kwa macho kwamba Mwingereza naye anaweza kuwa Mkatoliki. Nadhani hakuna mji mwingine Afrika Mashariki ambao unaweza kusimama mahali pamoja ukaisoma historia yake ya dini kwa kugeuza shingo tu: Rubaga kule, Namirembe pale, Mengo ya Kabaka katikati, na ng'ambo ya bonde minara ya msikiti wa Kibuli.

Masista walifuata. Januari 15, 1903 walifika sita, mmoja wao Mwairishi wa miaka ishirini na saba, Teresa Kearney, jina la kitawa Kevin. Walifungua kliniki chini ya mwembe. Ni kivulini hapo ndipo ilipotoka hospitali ya leo, na baadaye chuo cha wakunga na wauguzi. Waganda walimwita Mama Kevina. Alipofariki Marekani mwaka 1957 hawakuridhika alale mbali. Mwili wake uliletwa, ukazikwa Nkokonjeru. Jina lake halikubaki kwenye vitabu vya sala. Hapa Nsambya "Kevina" ni mahali: makonda wanalipigia kelele, boda wanalitaja, mtu anamwelekeza mwenzake "shukia Kevina", na sidhani kama wengi wanamkumbuka mwanamke wa Ireland wanapofanya hivyo. Nilijaribu kufikiria ni utukufu gani mkubwa kuliko huo kwa mtawa: kugeuka kituo cha daladala.

Mwembe ule sikuutafuta. Nilikaa chini ya mwembe mwingine, na pengine kila mwembe wa Nsambya ungedai ndio wenyewe. Nilichokuwa nakitafuta ni sababu ya miti. Ukitazama toka juu, Kampala imejenga kila kiganja cha ardhi: mabati mekundu, mabati ya fedha, maghorofa ya vioo, na Muyenga yenye matangi ya maji kichwani. Lakini mgongo wa Nsambya una kijani kizito. Jibu nadhani limo katika mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, yale yaliyogawa ardhi kwa maili za mraba hata ardhi yenyewe ikaitwa mailo hadi leo. Mashirika matatu ya misheni yalitengewa maili 92 za mraba. Ardhi ya mtu mmoja hurithiwa, hugawanywa, huuzwa vipande vipande hadi mwembe unakatwa ili gari lipate kugeuza. Ardhi ya misheni haina wajukuu. Mgonjwa naye anahitaji kulala mchana, basi ukimya ukapata mlinzi wa pili.

Chakula cha mchana nilikula kwenye kibanda nje ya lango, benchi la mbao, meza ya kitambaa cha plastiki. Mpishi alifunua sufuria ya matooke, mvuke wa majani ya mgomba ukanipiga usoni: harufu tamu ya kijani, kama shamba lililonyeshewa. Matooke hupikwa yamefungwa katika majani hayo, yakaiva kwa mvuke, kisha hubonyezwa kwa mikono yakiwa bado ndani ya jani, hadi yawe laini ya manjano. Nilimwagiwa juu binyebwa, mchuzi wa karanga wa rangi ya waridi uliopauka, mzito, wenye moshi kidogo. Kwa ulimi wa pwani uliozoea nazi na pilipili, chakula hiki mwanzoni hunong'ona. Inabidi unyamaze ndipo ukisikie. Kufikia nusu ya sahani nilikuwa nimenyamaza kabisa, na mpishi akaniongeza bila kuniuliza, "Nnyabo, lya!" Yaani, bibi, kula! Nilipotoa noti alirudisha chenji yote sahihi, pamoja na kipande cha fenesi cha kuondokea. Utomvu wake ulinikaa vidoleni hadi jioni. Nilikuwa nimesahau kujipaka mafuta kwanza.

Halafu mvua. Mvua ya Kampala haina utangulizi mrefu. Wingu lilipanda kutoka upande wa ziwa, ambalo huku ni Nalubaale kabla ya kuwa Victoria, upepo ukageuza majani yote ya migomba mara moja, na watu wakaanza kutembea haraka bila kukimbia. Nilikimbia mimi, nikaishia upande wa pili wa kilima, chini ya bati la duka dogo karibu na kambi ya polisi.

Na hapo, katika mlio wa mvua juu ya bati, nikasikia Kiswahili. Kila mtu alikuwa anakisema. Muuza duka, vijana waliokuwa wanacheza matatu, yaani karata, wanawake waliokuwa wanaingiza ndoo. Kambi ya polisi ya Nsambya ina watu wa kila pembe ya Uganda, Waacholi, Walugbara, Wateso, Wasamia, na lugha yao ya pamoja kwa vizazi imekuwa hii yetu. Karibu hapo palikuwa na majumba ya reli. Njia ya reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilileta wafanyakazi kutoka Kenya, nao wakaongeza Kiswahili chao. Kwa hiyo katika kilima kimoja unaweza kutoka kanisani kwenye Luganda ya salamu ndefu, ukateremka hatua mia tano ukaingia katika nchi nyingine ya maneno.

Mzee mmoja mwenye mgongo ulionyooka kama fimbo alinisogezea kreti ya soda nikae. Alikuwa polisi mstaafu. Nikamwita afande, akafurahi waziwazi.

"Mama, umetoka wapi?"

"Tanga, afande."

"Tanga! Ya mkonge." Akaniomba niseme sentensi ndefu. Nikamweleza habari ya vitanda na kijia. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande, kama anayesikiliza taarabu, kisha akawageukia vijana. "Mnasikia? Hii ndiyo Kiswahili yenyewe." Akanirudia mimi. "Yetu ni ya kazi. Simama, kimbia, leta. Yako wewe ni ya kuimba."

Nilimwambia yake imefanya kazi kubwa kuliko yangu. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini hapa dukani, watoto wa makabila manne walikuwa wanagombania mpira wa matambara kwa lugha hiyo bila kumsubiri waziri. Afande aliniagizia chai yenye tangawizi na maziwa mengi, akakataa nilipe. Mmoja wa vijana, shabiki wa timu ya mpira ya SC Villa, alinikumbusha kwamba timu yake inaitwa Jogoo. "Hilo ni neno lenu," akasema, kama anayekiri deni.

Mvua ilipokatika saa kumi na moja, dunia ilikuwa imeoshwa na kijia kilikuwa hakipitiki na mtu mwenye akili. Nilikipita. Udongo mwekundu wa Kampala ukilowa ni sabuni. Nilishuka nimeshika mulamula kwa mikono miwili, viatu vimekuwa mikate, sketi imepata ramani ya nchi nisiyoijua. Mahali pamoja niliketi bila kukusudia. Msichana aliyekuwa anapanda na chupa ya chai hakucheka; alisema "Nga kitalo," pole sana, akaniinua, halafu alipofika kwenye kona, akidhani simwoni, ndipo alipocheka. Karibu na chini kuna mahali watu hutupa takataka, na kalooli, yule korongo mrefu mwenye kichwa kama cha mzee aliyeungua, alikuwa amesimama juu yake amekunja mabawa mithili ya hakimu. Alinitazama juu hadi chini, akaniona sifai kuliwa.

Nilisimama kwenye ule upenyo wa miti. Jua lilikuwa linazama upande wa Rubaga na bonde lilikuwa linatoa mvuke. Taa za magari za barabara ya Ggaba zilikuwa mkufu mmoja usiosogea. Kisha ikaja adhana ya magharibi kutoka Kibuli, na kabla haijaisha kengele ikalia huku juu nyuma yangu, na mahali fulani kati ya hizo mbili mpabaana mmoja aliyechelewa akapita akidai watoto.

Kesho yake nilipotea. Nilishuka nikihesabu vitanda, nikatafuta kile chenye taji kubwa, hakipo, kilikuwa kimenunuliwa. Bila taji lile ukuta wote ulikuwa sawasawa. Nikatembea mbele nikarudi nyuma, hotpoti mkononi, mpaka fundi wa randa aliponionea huruma. Alitoa penseli nyuma ya sikio akaielekeza kwenye rundo la mbao. "Mukombozi," akasema. Habari zilikuwa zimeshuka kilima kabla yangu.

Siku ya nne nilikuwa katikati ya mpando niliposikia vicheko juu. Walikuwa wanateremka kwa mstari mmoja: mbele mwanamume aliyebeba mkeka na beseni, usoni ana woga wa mtu aliyekabidhiwa vitu vya kuvunjika, nyuma yake shangazi wawili, kila mmoja na kifurushi cha blanketi kifuani, kisha Nnalongo mwenyewe, ameshikwa mkono, akichagua mzizi wa kukanyaga, na mwisho Jjajja katika gomesi ile ile ya zambarau, kikapu kitupu kichwani. Spesho ilikuwa inawasubiri chini kwa maseremala, kwa kuwa Jjajja alikuwa amekataa watoto wapitishwe kwenye jamu ya juu.

Mimi ndiye niliyekuwa napanda na chakula. Kwa sheria ya kijia, walipaswa kunipisha. Lakini nilijibana mimi kwenye mulamula, mgongo wangu ukaloa umande, wakapita mmoja mmoja karibu kiasi kwamba niliona ngumi ya Babirye, au ya Nakato, ikichungulia nje ya blanketi.

"Kulika," nikawaambia.

"Awo," akaitikia Jjajja kwa niaba ya wote saba, na tukaanza zile mmm.